Utepe wa Bi Lakiri

"Usitetemeke, mama. Tafadhali, leo tu usitetemeke."

"Mimi sitetemeki. Meza ndiyo inatetemeka, na inatetemeka kwa sababu umeikalia wewe."

Wakili Raba akaruka chini kama mtoto aliyefumaniwa kabatini. Alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali, ana kiapo, ana joho, ana vitabu vinene vya kuegemezea mlango, lakini mbele ya mwanamke mwenye sindano alikuwa binti tu. Jina la Raba alipewa na wafagiaji. Lifti ya wizara ilikufa mwaka ule ule serikali ya zamani ilipoanguka, ila serikali ilipatikana nyingine na lifti haikupatikana. Basi yeye alipanda orofa sita kwa raba za mazoezi, na viatu vyake vya mahakamani vikining'inia mkobani kama kuku wawili wa sokoni.

Mwenye sindano aliitwa Bi Lakiri. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, chenye dirisha moja lililokaa usawa wa barabara, hivyo kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameona miguu ya taifa zima na nyuso za wachache. Kila hati iliyotoka serikalini kwenda nchi nyingine ilipitia mikononi mwake. Anapanga karatasi, anatoboa ukingo kwa ncha ya msharasi, anapitisha utepe wa kijani kwa shazia, sindano ile nene, anafunga fundo, anayeyusha lakiri, nta nyekundu, juu ya fundo, kisha anagandamiza muhuri wa taifa kabla lakiri haijapoa. Muhuri wa zamani ulikuwa na simba. Huu mpya una njiwa, ingawa aliyeuchonga alimnenepesha mno, na ofisini wote humwita kuku. Simba au kuku, ikishaganda imeganda: hakuna karatasi itakayoingia wala kutoka mpaka mtu avunje lakiri au akate utepe.

"Wenzangu wanalinda mipaka kwa bunduki," Bi Lakiri hupenda kusema. "Mimi nailinda kwa mshumaa."

Leo hakusema. Mbele yake zilikuwa karatasi mia mbili na kumi na nne, na zote zilimhusu mtu mmoja.

Mtu huyo watu walimwita Bwana Chumvi. Enzi zile aliingiza nchini chumvi nyingi kuliko midomo iliyokuwepo ya kuila. Magunia ya juu yalikuwa chumvi kweli. Ya chini yalikuwa bunduki, na bunduki zile zilikwenda kwa magenge, na magenge yakawa na watu wake bandarini, polisi, mahakamani, na, walisema wenye midomo mirefu, hata kwenye kamati iliyochagua rangi ya mapazia ya ikulu. Uchaguzi ulipokuja na kura zikahesabiwa kweli, jambo ambalo hata wapiga kura hawakulitegemea, Bwana Chumvi alipanda ndege na kupotea. Miaka mitano baadaye akakamatwa kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya mbali, akibadilisha ndege. Polisi wa kule walilinganisha alama zake za vidole na zile zilizotumwa kutoka huku. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hizi mbili kusaidiana namna ile, na magazeti yaliandika wiki nzima.

Ila mkataba ulikuwa na masharti. Kule walikubali kumshikilia siku arobaini na tano tu. Ndani ya siku hizo ni lazima jalada la ushahidi liwe mikononi mwa hakimu wao, karatasi halisi, zimeshonwa, zimepigwa lakiri, hazijaguswa. Zisipofika, au zikifika zimeguswa, anaachiwa.

Leo ilikuwa siku ya thelathini na moja.

"Umefika wapi?" Wakili Raba aliuliza.

"Tisini."

Wote wawili walijua kinachofuata tisini.

Ukurasa wa tisini na moja ulikuwa kipande cha karatasi ya manjano, kidogo kuliko kiganja, kimebandikwa juu ya karatasi nyeupe. Ni risiti ya mizani. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu na karani wa mizani ya bandarini, kijana aliyeweka kistari katikati ya kila saba ili mtu asije akaigeuza moja. Alipima lori la chumvi, akakuta limezidi tani saba kuliko hati zake, akaandika alichokiona. Akaambiwa afute. Hakufuta. Siku ya tatu walimkuta chini ya bamba la chuma la mizani yake mwenyewe, na polisi wakaandika kwamba aliteleza. Nakala moja ya risiti alikuwa ameificha nyumbani, ndani ya droo ya cherehani ya mama yake. Mama huyo ndiye mama yake Bi Lakiri. Karani wa mizani alikuwa mdogo wake wa mwisho, mtoto aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukajua joto lake.

"Nikushikie hii moja?" Wakili Raba aliuliza kwa sauti ya chini. "Nishone mimi?"

"Wewe? Kitufe cha koti lako kina pini mwaka wa pili huu."

Bi Lakiri akageuza uso dirishani. Miguu ilikuwa inapita: kandambili, buti, viatu vya shule. Akaichukua karatasi bila kuitazama, akaiweka juu ya zile tisini kwa kupapasa, akaisawazisha kwa kidole, akaitoboa. Shazia ikapita. Alipoyarudisha macho mezani, tayari alikuwa ameifunika kwa ukurasa wa tisini na mbili.

Saa nane mchana fundo lilifungwa. Lakiri ikadondoka, tone, tone, tone, mpaka ikawa kidimbwi kidogo chekundu, na yule kuku wa taifa akakaa katikati yake ametulia. Wakili Raba akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa lipande juu," alisema. "Mfuko wa kidiplomasia unaondoka kesho saa nne. Nilitaka nilipeleke uwanjani mwenyewe, wamekataa. Bila muhuri wa Barua za Nje hawapokei hata kadi ya harusi."

"Nipe. Nalipeleka mimi. Kule juu ni kwa baba yangu."

*

Hakuwa baba yake wa kumzaa. Alikuwa Mzee Mvuke, wa orofa ya tatu, dawati la Barua za Nje. Enzi zile dawati lilikuwa na jina jingine ambalo watu hawakulitamka kwa sauti, na kazi yake ilikuwa kufungua kila kilichokuwa kinatoka nchini, kukisoma, na kukifunga tena hivi kwamba hata mwandishi wake angeapa hakijaguswa. Barua aliifungua kwa mvuke wa birika, ndipo jina likaja. Lakiri aliiinua kwa waya mwembamba uliopashwa moto, akaishusha tena mahali pake kama anamlaza mtoto. Serikali ilipobadilika walikuja mafundi, wakang'oa kibao mlangoni, wakatundika kingine, wakaondoka. Kwa mwenye dawati hakuna aliyesema neno. Birika likawa la chai. Watu walimtania: "Mzee, soma barua yangu basi uniambie mchumba amesema nini." Naye hucheka mpaka anakohoa.

Ndiye aliyemtoa Bi Lakiri kwenye ufagio na kumfundisha kazi. "Ili uifunge vizuri," alimwambia siku ya kwanza, "lazima ujue inafunguliwaje." Na siku ile mdogo wake alipozikwa, wakati wenzake wengi wa ofisini walikumbuka ghafla kwamba wana mafua, Mzee Mvuke alikuja, akashika jeneza upande wa kichwani, akalibeba kwa mkono wake wa kushoto, mkono wa kazi, mpaka mwisho.

"Karibu, mwanangu. Maji yamechemka."

"Maji yako ni lini yaliwahi kutochemka?"

Akaliweka jalada mezani kwa mikono miwili. Mzee akasoma jina la mtuhumiwa juu yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndilo lenyewe?"

"Ndilo. Na yeye yumo ndani. Risiti yake."

Mzee akaweka kiganja juu ya jalada, akakiacha pale.

"Baba," Bi Lakiri alisema, na sauti ikamponyoka kidogo, "mengine yote ni ya serikali. Hili nakukabidhi wewe. Lisiende na kosa. Hata la nukta."

"Tangu lini mimi nikapitisha kitu chenye kosa?"

"Sijasema."

"Basi nenda nyumbani ukampe mama salamu. Mwambie Mzee Mvuke yuko macho."

Akashuka ngazi mwepesi, anaimba chini kwa chini. Mlinzi wa mlangoni akamuuliza kama amepandishwa cheo. "Nimepandishwa," alijibu, "ila mshahara bado unapanda ngazi."

*

Nyumbani mama yake alikuwa amesimama juu ya kigoda, amevaa gauni la mahakamani.

Gauni hilo lilikuwa la bluu, kola nyeupe, mikono mirefu. Lilishonwa mwaka katiba mpya ilipopita, pale redioni waliposema kwamba sasa hata wakubwa watashitakiwa. Mama hakulivaa popote, si harusini, si msibani. Lilingoja. Kasoro moja tu: gauni lilikaa vilevile, mwenye gauni akawa anapungua. Kila mwaka mama alifupika kidogo, na kila mwaka Bi Lakiri alilipandisha pindo. Mpaka sasa lilikuwa na mistari minne ya mashono ya zamani chini yake, kama alama za mafuriko ukutani.

"Shuka, mama, utavunjika."

"Nikivunjika nitaunganishwa. Limenizidi tena. Nikiingia mahakamani nalikanyaga, naanguka mbele yake, anafurahi."

"Halijakuzidi."

"Mimi nataka nikae mbele kabisa. Sitaki nimwambie kitu. Nataka anione nimekaa. Na nisionekane kama niliyeazima nguo." Akamshika mwanawe bega, akashuka. "Limekwenda?"

"Kesho saa nne."

"Alishona nani?"

"Mama, unaniuliza hilo?"

"Nauliza nisikie jibu."

"Nilishona mimi."

Mama akatikisa kichwa, ameridhika, akaenda kulitundika gauni nyuma ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia ni lazima alisukume kidogo ili apite.

Zikapita siku. Ya thelathini na saba Wakili Raba alikuja mbio kusema jalada limefika, limepokelewa, karani wa kule ameweka sahihi. Ya arobaini alikuja kusema kesi imepangwa kusikilizwa siku ya arobaini na nne. Ofisini watu wakaanza kumwamkia Bi Lakiri kwa heshima mpya. Hata mkurugenzi, aliyekuwa hajui chumba chake kiko wapi, alishuka siku moja kumpongeza, akapotea, akampongeza fundi wa bomba.

Siku ya arobaini na tano, saa tatu asubuhi, Bi Lakiri alisikia hatua kwenye ngazi. Alizijua raba zile. Siku zote zilikimbia. Leo zilitembea. Zikashuka ngazi moja, zikasimama. Moja, zikasimama. Akaweka shazia chini kabla mlango haujafunguliwa.

"Amekwenda," alisema Wakili Raba.

"Amekwenda wapi?"

"Wamemwachia alfajiri. Saa moja baadaye alikuwa ndani ya ndege. Aliko sasa hatuna mkataba nako." Akakaa juu ya meza, na safari hii hakuna aliyemwambia ashuke. "Wanasema jalada liliguswa, mama."

"Si langu."

"Wanasema lakiri iliinuliwa ikarudishwa. Wakili wa Bwana Chumvi alileta mtaalamu na darubini. Akamwambia hakimu: nchi hii ilikuwa na ofisi nzima ya kufungua barua, leo inatuomba tuamini karatasi zake? Risiti hii ya manjano, nani anajua iliingizwa lini?" Akafunga macho. "Ile ya manjano, mama. Ndiyo aliyoishika juu watu wote waione."

Bi Lakiri aliangalia dirishani. Miguu ilikuwa inapita kama jana.

*

Jalada lilirudi siku nane baadaye, ndani ya boksi, likiwa na ripoti ya mtaalamu juu yake. Wakili Raba alilileta mwenyewe pamoja na karatasi nyingine, fomu yenye mistari mitupu.

"Wakubwa wameunda tume. Jalada lilipita mikono mingi baada yako, wanataka kujua ni upi ulioligusa. Wanataka jina kabla ya Ijumaa." Akaisukuma fomu mezani. "Wasipopata jina, watachukua lililo karibu. Na lililo karibu ni lako."

"Na huyo mwenye jina atafanywa nini?"

"Kuna ile sheria mpya. Kuharibu ombi la kimataifa ni kushirikiana na mtandao wa uhalifu. Miaka ishirini." Akakwaruza ukucha kwenye raba yake. "Tangu ipitishwe haijamfunga mtu hata mmoja. Wana hamu nayo."

"Nikiandika jina, atarudi?"

"Nani?"

"Yeyote."

Wakili Raba aliondoka akiuacha mlango wazi.

Bi Lakiri akalisogeza jalada kwenye mwanga. Hakuhitaji darubini. Pembeni mwa lakiri kulikuwa na mng'ao mwembamba kama uzi wa buibui, mahali waya wa moto ulipopita. Kazi nzuri. Kazi nzuri sana; mtu mmoja tu duniani angeifanya hivyo. Akainua utepe kwa ncha ya shazia na kulitazama fundo. Lake huanza kulia, likavuka kushoto. Hili lilianza kushoto. Lilifungwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Kisha akafungua, karatasi moja baada ya nyingine, mpaka tisini na moja, na kwa mara ya kwanza akaitazama. Saba zenye vistari. Tarehe. Sahihi yenye mkia mrefu. Ilikuwa imekaa sawasawa, kichwa juu. Lakini kwenye ukingo wa karatasi nyeupe kulikuwa na matundu mara mbili: safu moja upande wa kushoto, alipopita utepe, na safu nyingine upande wa kulia, tupu, isiyoshika kitu.

Alikaa akiyatazama matundu yale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuyaelewa.

*

"Karibu, mwanangu. Maji yamechemka."

Alikaa. Mzee Mvuke alikuwa na siku njema. Alikuwa amenyoa ndevu. Habari za kuachiwa zilikuwa redioni wiki nzima, lakini redio haikusema kwa nini, ilisema tu "kasoro za kisheria", maneno ambayo nchini humo yalikuwa yamezoeleka kama salamu.

"Nimesikia yule mwizi ameponyoka," mzee alisema. "Pole sana, mwanangu. Mahakama za watu. Wangemleta huku tu."

"Baba, ulilifungua?"

"Nini?"

"Jalada."

Uso wa mzee ukachangamka. Ukachangamka kweli, kama wa fundi aliyeulizwa nani kajenga nyumba ile.

"Umeona? Wewe tu ndiye ungeona! Nilijisemea, hata yeye hatajua. Uliona wapi, kwenye lakiri?"

"Kwenye fundo."

"Fundo! Mkono huu." Akaupiga mkono wa kushoto kibao chepesi, kama anamkemea mjukuu. "Sikiliza. Uliniambia lisiende na kosa. Mimi sijafungua kitu miaka mitano, mwanangu, nakuapia. Vinapita tu hapa na makosa yake. Lakini lako, nikasema, hapana. Hili nitalikagua kama zamani. Nikapasha waya. Nikasoma ukurasa mmoja mmoja, mia mbili na kumi na nne, mpaka jioni. Na unajua nilichokuta?"

"Najua."

"Ulimshona kichwa chini! Kijana wetu! Ukurasa mzima umepinduka, miguu juu." Macho yake yakalowa. "Nikasema, mtoto huyu aliuawa chini ya chuma. Sasa aende kusimama mbele ya majaji wa watu kichwa chini? Nikautoa, nikamgeuza, nikamshona tena. Nikafunga. Sikukuambia nisikutie aibu."

Birika likaanza kuimba. Hakuna aliyenyanyuka.

Bi Lakiri alikuwa amepanda ngazi akiwa na maneno mengi, mengine makali, ameyapanga kama karatasi. Sasa hakuliona hata moja. Ukurasa uliopinduka. Hakimu wa kule angeugeuza kwa vidole viwili, angesema samahani, angeendelea kusoma.

"Waliona, baba," alisema.

"Waliona nini?"

"Kwamba lakiri imeinuliwa. Ndiyo kasoro yenyewe. Ndiyo sababu wamemwachia."

Mzee akacheka kidogo, akangoja naye acheke. Hakucheka. Akamtazama, akatazama birika, akatazama tena.

"Lakini niliifunga."

"Uliifunga."

"Miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kurudisha hata bahasha moja."

"Enzi zile hakuna aliyetuamini, baba. Kwa hiyo hakuna aliyeangalia."

Mkono wa kushoto wa Mzee Mvuke ukaenda mezani peke yake, ukapanga kalamu, ukapanga muhuri, ukaipata kofia ya kalamu na kuigeuza kichwa juu. Kisha, kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya, akanyanyuka akamimina chai vikombe viwili. Chake kikafurika mpaka sahanini, naye akaendelea kumimina, mvuke ukimficha uso.

"Baba. Inatosha."

"Eh?"

"Chai. Inatosha."

Akaliweka birika chini. "Mama yako," alisema. "Amelala salama?"

"Salama."

"Umwambie..." akasema, na sentensi ikakaa hapo, haikupata mwisho.

Bi Lakiri alikunywa chai yake yote, ingawa ilimuunguza ulimi. Fomu ilikuwa ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne. Aliisikia kila alipopumua.

*

Kwa kawaida mlango wa nyumbani hugoma kidogo, kwa sababu ya kitu kilichotundikwa nyuma yake. Lakini leo haukugoma. Gauni halikuwepo. Lilikuwa mwilini mwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa juu ya kigoda, katikati ya chumba, kwenye mwanga wa mchana uliobaki.

"Nimekungoja," mama alisema. "Tazama. Sasa kataa tena kwamba halijanizidi."

Lilikuwa limemzidi. Pindo lilifunika vidole vya miguu. Mabega yalikuwa yameshuka, na kola nyeupe ilimzunguka shingo bila kuigusa.

"Jirani amesema redioni wametaja jina lake," mama aliendelea. "Redio yangu imekwisha betri tangu wiki iliyopita. Nikamwambia usiniambie wewe, una kithembe, nitaelewa vibaya. Mwanangu ataniambia, yuko mle mle ndani. Haya. Wanamleta lini?"

Bi Lakiri aliweka mkoba chini. Akavua viatu. Akaenda kwenye cherehani, akavuta droo ile ile, akatoa boksi la pini na uzi wa bluu. Akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama. Lini?"

"Usiiname kunitazama, pindo litakuwa upogo."

"Mimi nauliza, wewe unashona. Lini, mwanangu?"

Bi Lakiri akachukua pini moja, akaiweka katikati ya midomo. Akachukua nyingine. Na nyingine, mpaka midomo ikajaa, kama wafanyavyo mafundi wote wanapohitaji mikono miwili, na mtu mwenye pini mdomoni hakuna anayemlazimisha kusema. Akalikunja pindo juu ya mashono manne ya zamani, kidole kimoja, vidole viwili, akalishika hapo.

Juu yake mama alinyoosha mgongo, akatazama mbele moja kwa moja, ukutani, kama mtu aliyekwisha kukaa mahakamani, mbele kabisa.